Mtoto Ameandikishwa, Je, Shule Imejipanga?

Mthibiti ubora anayetaka kujua upesi kama shule fulani ni jumuishi asianzie ofisini kwa mwalimu mkuu, wala darasani. Aanzie chooni. Huko ndiko atakakobaini kama waliojenga waliwahi kumfikiria mtoto anayetambaa, mtoto wa kiti mwendo, msichana aliyevunja ungo juzi, au mtoto asiyeona anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa kila wasichana 20 na tundu moja kwa kila wavulana 25. Kenya inataka moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Shule nyingi za serikali hazijafika hapo. Pale ambapo tundu moja linagombewa na darasa zima wakati wa mapumziko, mtoto anayehitaji dakika kumi kujisaidia hana chake kwenye foleni. Hujinyima maji tangu alfajiri, au hubaki nyumbani.

Kwenye ramani za madarasa mapya, njia ya mteremko mlangoni imekuwa jambo la kawaida, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini njia ya mteremko inayoishia kwenye mchanga, wakati choo kiko ng'ambo ya uwanja na kina ngazi tatu, haimfikishi mtoto popote. Inapendeza kwenye picha za uzinduzi, basi.

Hapo ndipo mjadala wa elimu jumuishi unapopaswa kuanza, na ndipo unapokwepwa. Viongozi wakiulizwa, hutaja idadi ya walioandikishwa. Uandikishaji ni kazi ya daftari na siku moja ya Januari. Kinachopima shule ni kinachofuata: mtoto akikutana na kikwazo, nani analazimika kujirekebisha? Mama anayembeba mgongoni kwenda na kurudi, jirani wa dawati anayemsomea ubao, au shule yenyewe? Maadamu marekebisho ni mzigo wa familia, shule hiyo imempokea mtoto lakini haijamjumuisha.

Kwa upande wa maandishi, hakuna upungufu. Mwezi Juni 1994 wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa mtoto yeyote, na mfumo ndio ubadilike umfuate. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uliifanya elimu jumuishi kuwa haki katika ibara yake ya 24. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009. Mwaka uliofuata Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na tangu 2009 imekuwa na mkakati wa taifa wa elimu jumuishi uliohuishwa zaidi ya mara moja. Kenya ilitoa sera yake ya wanafunzi wenye ulemavu mwaka 2018. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua jambo ambalo watendaji wengi bado hulichanganya: kumweka mtoto katika darasa la kawaida bila kubadili ufundishaji, vifaa na mitihani si kumjumuisha. Ni kumchanganya tu na wengine.

Kabla ya hati hizo, kazi ilifanywa na wamisionari. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Kanisa la Anglikana likafuata na Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Ni rahisi leo kuzishutumu shule za aina hiyo kwamba ziliwatenga watoto. Ukweli ni kwamba bila hizo, vizazi viwili au vitatu vya wasioona na viziwi wa Afrika Mashariki visingejua kusoma kabisa, na wengi wa walimu, wanasheria na wanaharakati wenye ulemavu waliodai sheria za leo ni matunda yake. Serikali huru zilizirithi, zikaongeza nyingine, na hadi sasa ndizo zenye walimu wenye ujuzi na mashine za nukta nundu.

Kasoro yake iko kwenye bweni. Shule ikiwa moja kwa mkoa mzima, mtoto wa miaka saba huondoka nyumbani akarudi likizo, na wapo wasiofuatwa hata likizo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022 moto ulizuka katika bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, Uganda, ukaua watu 11, wengi wao watoto. Mabweni ya shule za kawaida nayo huungua, lakini asiyeona aliyefungiwa ndani ana nafasi ndogo zaidi ya kuipata njia. Shinyanga, shule ya Buhangija iligeuka kimbilio la watoto wenye ualbino wakati wa wimbi la mauaji yaliyosukumwa na ushirikina, na wengine walikaa humo miaka mingi kuliko ilivyokusudiwa. Ukuta uliowalinda na wauaji uliwatenga pia na ndugu zao.

Hata hivyo, si kila anayetetea shule maalumu ni mtu wa zamani asiyetaka mabadiliko. Viziwi wenyewe wana hoja nzito, na inastahili kusikilizwa kwa utulivu.

Kiziwi aliyewekwa peke yake katika darasa la watoto themanini wanaosikia, mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja, ametengwa kuliko aliyeko Tabora. Yumo darasani, lakini hana lugha ya pamoja na yeyote. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, hivyo lugha ya alama hawaipati nyumbani. Huipata kwa kukutana na viziwi wenzao, na shule ndiyo mahali pa kukutana. Kwa miaka mingi hata shule za viziwi zenyewe ziliwanyima. Kwa mtindo ulioletwa kutoka Ulaya, mtoto alilazimishwa kutamka na kusoma midomo, na mikono iliyonyanyuka kuongea ilionekana utovu wa nidhamu. Walitumia ishara mabwenini, kwa siri, na hivyo ndivyo lugha hizo zilivyokomaa.

Kenya imepiga hatua kubwa upande huu. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka dola kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya, na ibara ya 120 inaitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya mtihani wa lugha hiyo badala ya Kiswahili. Uzito wa uamuzi huo unaeleweka mtu akikumbuka kwamba kabla ya hapo mtoto alitahiniwa methali na nahau za lugha ambayo hajawahi kuisikia, kisha matokeo yakasema hana akili. Tanzania, Chama cha Viziwi, CHAVITA, kimepigania kwa miongo Lugha ya Alama ya Tanzania iingie shuleni na katika huduma za umma. Kwa hiyo kwa kiziwi, ujumuishi waweza kumaanisha kundi la viziwi kumi au ishirini katika shule moja ya kawaida, wakiwa na mwalimu wao anayeongea kwa mikono, huku watoto wanaosikia wakijifunza ishara kwa michezo. Kuwatawanya mmoja mmoja kwenye kata thelathini kwa jina la usawa ni kuwapokonya lugha.

Basi wapo wangapi? Hapa takwimu zinashangaza. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata watu wenye ulemavu asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea. Sensa ya Tanzania ya 2022 ikapata asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Hakuna daktari atakayekubali kwamba kuvuka mpaka wa Namanga kunaongeza ulemavu mara tano. Tofauti imo kwenye kipimo. Sensa hizi humuuliza mtu ana shida kiasi gani kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kenya ilihesabu waliojibu kwamba shida ni kubwa au hawawezi kabisa. Ukilegeza mstari huo ukawahesabu na wenye shida ndogo, wanajitokeza watu wengi waliokuwa kimya.

Hao walio upande wa pili wa mstari ndio wanaojaa madarasani bila kujulikana. Mtoto mwenye usikivu hafifu anayeitika akiitwa kwa sauti kubwa tu. Anayeona ubao kama ukungu. Anayegeuza herufi kila siku ingawa kwenye hesabu za kichwa hana mpinzani. Mwenye kifafa kinachomjia kama kuduwaa kwa sekunde kadhaa, mwalimu akadhani anaota mchana. Majina yao shuleni si ya kitabibu: ni mtundu, mzembe, kichwa maji. Na dawa ya majina hayo inajulikana. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu kwa kanuni: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi ruhusa kwa maandishi. Kanuni hiyo huvunjwa mchana kweupe, na anayeumia kwanza ni yule ambaye hakusikia swali.

Inasikitisha zaidi kwa sababu tiba ya sehemu kubwa ya matatizo haya ni nafuu. Kibao cha herufi kilichotundikwa umbali wa mita sita kinaweza kufichua uoni hafifu bila hospitali. Kenya ilianza kufungua vituo vya upimaji vya watoto mwaka 1984, kwa lengo la kumsaidia mzazi ajue pa kumpeleka mtoto. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye karibu kila mara ana uoni hafifu, anaweza kusoma vizuri akipewa dawati la mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, maandishi makubwa, na ruhusa ya kusogelea ubao. Kofia na mikono mirefu visihesabiwe kosa la sare. Mwalimu akizoea kutamka anachoandika, anawasaidia wasioona, wenye uoni hafifu na wale wa nyuma kabisa ambao hata macho mazima hayafiki ubaoni. Hayo hayahitaji mfadhili.

Kinachohitaji fedha ni vifaa na watu. Mashine ya nukta nundu ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951 na ambayo umbo lake halijabadilika sana, ina uzito wa karibu kilo tano na bei yake ni mamia ya dola. Karatasi zake ni nzito na ghali. Kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania 2020, uliondoa kikwazo cha hakimiliki: kitabu kinaweza kugeuzwa nukta nundu au sauti bila kumbembeleza mchapishaji. Lakini mkataba hauchapi vitabu. Mtaala ukibadilika, kama ulivyobadilika nchi zote mbili miaka ya karibuni, watoto wanaoona hupata vitabu vipya kwanza na wasioona hubaki na vya zamani au mikono mitupu. Ifikapo siku ya mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani hutoa karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa na muda wa ziada. Ni haki, na inafanyika. Ila mtoto anapewa karatasi asiyoizoea kwa sababu kwa miaka saba hakuwa na kitabu cha aina hiyo.

Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliwafungulia mlango mamia ya maelfu, wakiwamo wenye ulemavu. Pia iliongeza msongamano katika madarasa ambayo uwiano uliokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu mwenye 110 anaambiwa amfuatilie kila mtoto kwa mahitaji yake. Huyo si mvivu akishindwa, hesabu inamkataa. Chuo cha Patandi mkoani Arusha na taasisi ya KISE ya Nairobi, iliyoanzishwa 1986, zimetoa walimu wengi wa elimu maalumu, lakini mwalimu mmoja aliyesomea hawezi kuwa jibu la shule nzima. Wenzake wakishajua kwamba yupo, humsukumia kila mtoto mgumu: "mpelekeni kwa mwalimu wa kitengo." Kitengo hicho cha elimu maalumu kikawa chumba cha uani, karibu na stoo, na watoto wake hawaonekani hata mstarini asubuhi.

Zanzibar ilijaribu njia tofauti. Mwaka 2004 Wizara ya Elimu, pamoja na jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili ya visiwani, ZAPDD, na wenzao wa Norway, ilianza mradi wa majaribio katika shule za kawaida. Watoto wenye ulemavu wa akili waliingia madarasa ya mtaani kwao, walimu wa madarasa hayo wakafundishwa kazini, na wazazi wakashirikishwa tangu mwanzo. La kujifunza hapo ni kwamba mradi haukusubiri majengo wala wataalamu wakamilike. Ulianza na mwalimu aliyepo na mzazi aliyepo, wizara ikawa nyuma yao na kitengo chake chenyewe cha elimu mjumuisho. Matatizo hayakuisha, kwani msongamano upo Unguja kama ulivyo Temeke, Dar es Salaam. Lakini wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao kwingine huambiwa wasubiri, walikaa mezani kama wabia.

Ulemavu si mlango pekee wa kutengwa. Mwaka 2017 rais wa Tanzania alitamka hadharani kwamba msichana aliyejifungua hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 zuio likaondolewa. Zanzibar ilikuwa imeruhusu warudi tangu 2010 na Kenya tangu 1994. Tamko lilifuta zuio kwa siku moja, lakini nani atashika mtoto wakati mama yake yuko kidato cha pili? Kwa watoto wa wafugaji kikwazo ni kilomita. Shule shikizi, ambazo zilipata madarasa 3,000 kati ya 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo wa UVIKO-19 mwaka 2021, zimesaidia watoto wadogo wasome karibu kabla hawajapata miguu ya kufika shule mama. Na kwa mamilioni ya wengine kikwazo ni lugha: mtoto wa shule ya serikali Tanzania aliyefundishwa karibu kila somo kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anaingia kidato cha kwanza akutane na baiolojia kwa Kiingereza. Wanaonyamaza darasani ni wengi kiasi kwamba hakuna anayewaita waliotengwa.

Lipo shinikizo moja linalozidi yote hayo, nalo halitokani na umaskini. Ni wastani wa ufaulu. Mwalimu mkuu hapandishwi cheo kwa kumfundisha mtoto mwenye usonji kuvaa viatu mwenyewe na kuomba maji kwa maneno. Hupongezwa kwa idadi ya daraja la kwanza. Kenya iliacha kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014. Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Yalikuwa maamuzi ya busara, ingawa walalamikaji walikuwa wengi. Hata hivyo, mabango ya barabarani hayakushushwa. Shule binafsi zinaendelea kujitangaza kwa asilimia, na mzazi wa mtoto anayeelewa polepole bado anaitwa ofisini Agosti kushauriwa, kwa upole mwingi, amtafutie "shule inayomfaa". Shule inayochuja watoto ili ilinde wastani haina haki ya kujiita jumuishi, hata ikiwa na lifti.

Ajabu ni kwamba wazazi wengi wa watoto wasio na ulemavu huogopa mchanganyiko huu, wakidhani mwalimu ataburuzwa na wachache. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo mwalimu hakuongezewa chochote. Pale alipoongezewa mkono mmoja, hata msaidizi wa nusu siku, darasa lote hufaidi, kwa sababu mwalimu anayelazimika kueleza jambo kwa njia mbili au tatu huwafikia pia wale ambao hawakuwa na cheti cha ulemavu ila walikuwa wamepotea njiani.

Kwa hiyo kabla ya kudai sera nyingine, wazazi waanze na vikao vyao. Kamati za shule Tanzania, na bodi za usimamizi zilizoundwa Kenya kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ndizo zinazopitisha mpango na bajeti ya shule. Mzazi akihudhuria kikao kijacho aulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya marekebisho ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na zilitumika kwa nini mwaka jana. Aulize pia ni watoto gani wa kijiji au mtaa huo wako nyumbani muda huu wa masomo, na ni nani aliyepewa kazi ya kuwafuata. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, yasomwe tena kikao kinachofuata.